Dakika Mbili Mwishoni mwa Kaseti

Siku rafiki yangu Gulshan alipopanda kwetu Masama, huku mlimani, kufuata kaseti yake naikumbuka, mwanangu, hata gauni alilovaa. Kaa hapo nikueleze. Juzi nilikuona ukizima simu haraka wenzako walipoingia, nikajua umeona aibu ya unachosikiliza. Nilikuonea huruma, maana nilijiona mimi.

Miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kurudi madukani, baba yake Gulshan alikuwa na duka la redio mjini Moshi, nyuma ya soko. Mimi na Gulshan tulisoma darasa moja. Mzee akifunga duka mchana kwenda kula, sisi tulibaki ndani na kaseti ambayo Gulshan alitumiwa na kaka yake kutoka Ujerumani. Ilikuwa ya vinanda vya umeme tu. Hakuna ngoma, hakuna mwimbaji. Sauti moja inaanza mbali, inakaa, inakaa weee, nyingine inaingia chini yake polepole. Kaka mtu alikuwa ameandika "Kwa Gulshan" basi, majina ya nyimbo hakuweka, kwa hiyo tukazibatiza wenyewe: ya kwanza "Mlima Unafunguka", ya mwisho "Kahawa Juani". Tulinyamaza mpaka kaseti ijizime. Sijawahi kukaa kimya na mtu namna ile tena, na hamu yake haijanitoka.

Likizo ilipofika akaniazima kaseti ile. "Aneti, itunze, sina nyingine."

Nikaipiga nyumbani, siku ya maandalizi ya kipaimara cha mdogo wangu. Shangazi zangu walikuwa uani wanamenya ndizi. Mmoja akasimamisha kisu. "Mae! Hiyo redio ina mafua?" Ua mzima ukaangua kicheko. Mwanangu, mashavu yaliniwaka! Badala ya kusema naupenda muziki huu, nikauruka kimanga. Nikasema hiyo ni kaseti mbovu tu, nimeiokota dukani.

"Kama ni mbovu, kesho turekodie kwaya," shangazi akasema.

Ningekataa vipi, na maneno yametoka kinywani mwangu? Kaka yake Gulshan alikuwa amevunja vile vijiplastiki vya mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake. Nikakunja karatasi, nikaziba matundu kwa mkono wangu mwenyewe. Kwaya ikaimba upande mmoja, wajomba wakahutubia upande wa pili.

Wiki mbili baadaye Gulshan akaja. Akamwambia mama shikamoo, akanivuta pembeni: Jumamosi wanahamia Kanada, anataka kaseti yake aende nayo. Nikamwambia ukweli. Hakuamini, akaiweka kwenye redio. Akakaa kwenye kigoda akasikiliza kwaya wimbo hadi wimbo, wala hakunitazama. Kwaya ikaisha kabla ya kaseti, na hapo ikatokea sauti yetu, mkia wa "Kahawa Juani". Dakika mbili tu.

"Uliwaambia ni mbovu?"

"Walinicheka, Gulshan."

"Ungesema tu unaipenda. Wangecheka wakamaliza, na sisi tungekuwa nayo."

Akaiacha juu ya redio, akashuka kusubiri gari. Sijamwona tena. Wewe mwenyewe umenihangaikia kwenye simu kuutafuta muziki ule, lakini ningekupa jina gani utafute? Majina ninayoyajua tuliyatunga wawili dukani. Ndiyo maana kila Jumapili unanisikia nairuka kwaya ya watu, nangoja zile dakika mbili.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukipenda kitu, sema unakipenda, hata uani kukiwa na shangazi kumi. Shangazi yule alisahau kabla ndizi hazijaiva, mimi nina nywele nyeupe na sijasahau. Na ukikikana kitu, jua kuna rafiki ambaye ulikipenda pamoja naye, naye umemkana.

Mungu akulindie masikio yako, mwanangu. Akupe mtu wa kunyamaza naye, na siku wakikucheka, akupe ulimi wa kusema: ndiyo, huu ni wangu. Haya, washa hiyo simu. Nisikilizishe.