Ukuta wa Engaruka

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyoamka kule Engaruka nikakuta ukuta wangu umelala chini.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Mimi na kaka yangu Ndelilio tulikuwa waashi, Wameru tuliokulia kwenye migomba na kahawa. Mzungu mmoja aliyechunguza magofu alituchukua Arusha, akatupeleka chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye mji wa kale kando ya mto. Niliduwaa. Nyumba zilikuwa zimepanda mteremko ngazi kwa ngazi, kila moja juu ya jukwaa la mawe, na chini yake mashamba yaliyogawanywa kwa kuta fupi. Mifereji ilitoa maji mtoni ikayafikisha kila shamba. Hakuna saruji, hakuna hata udongo. Jiwe limeshikwa na jiwe. Wenyewe waliondoka zamani sana, kabla hata ya Mjerumani, na hakuna aliyetuambia kwa hakika kwa nini. Labda maji yalipungua.

Kazi yetu ilikuwa kuinua kuta zilizoporomoka. Kaka ndiye aliyenifundisha uashi, lakini alizoea saruji. Mimi niliushika upesi ujenzi ule mkavu, Mzungu akanifanya mnyapara. Tangu hapo kaka alinijibu shingo upande, akala na wengine. Nilimsikia akiwaambia vibarua, "Mtoto niliyemfuta kamasi, leo ananionyesha pa kuweka jiwe!"

Basi asubuhi ile ukuta ulikuwa chini, na mikono ya kaka ina michubuko mibichi. Sikumuuliza. Nilishika njia ya hema la Mzungu, kwenda kumshtaki.

Njiani nikakutana na mama wa Kimaasai aliyekuwa akituletea maziwa kila asubuhi. Tulimwita Yeyo, yaani mama.

"Shikamoo, Yeyo."

"Marahaba. Mbona umevimba hivyo?"

Nikamweleza. Akatua kibuyu chake.

"Atafukuzwa. Kwa mama yenu utarudi na nani?"

"Amenivunjia ukuta!"

"Amekosa. Na wewe kila siku unamwelekeza kaka yako kwa kidole mbele ya watu. Umewahi kumwita mkashauriana?"

Nikageuka, nikarudi ukutani.

Kaka alikuwa ameketi juu ya kifusi, anangoja kufukuzwa.

"Kaka," nikamwambia, "msingi wa huu ukuta ulinisumbua tangu mwanzo. Niliukosea wapi?"

"Jiwe refu ulilisimamisha," akasema, bila kunitazama. "Linalazwa, liingie ndani ya ukuta." Akainuka akashika upande mmoja, nami nikashika mwingine.

Usidhani wivu wake uliisha siku ile. Miaka mingi aliendelea kunikosoa mbele za watu. Lakini tulirudi nyumbani pamoja, na mama alipofariki, yeye ndiye aliyejenga kaburi, mimi nikimpa mawe.

Mwanangu, ukipandishwa juu ya aliyekutangulia, ujue ataumia, hata kama anakupenda. Usijifanye huoni, wala usikimbilie kummaliza. Muulize anachokijua, na heshima yake umwachie. Na siku wivu utakapokushika wewe, usikae nao peke yako. Mwambie mtu kabla mikono haijafanya kitu.

Mungu akuinue, mwanangu, na akuinuapo asikutenge na wa nyumbani kwako.