Maiti Mwaminifu wa Inzai

Yaguchi Tamotsu ni mkaguzi wa mizani. Siku tano za wiki huzunguka maduka ya samaki na mboga ya Chiba, Japani, akiwa na sanduku la mawe ya chuma. Huweka jiwe kwenye sahani, husoma namba, hubandika stika au habandiki. Jumapili huvaa nguo za madoa ya msituni na miwani ya kinga, na kwenda kwenye mchezo wa vita kupigwa vigololi vya plastiki.

Nasema kupigwa, maana hilo ndilo analojulikana kwalo. Vigololi vya bunduki zetu za mchezo haviachi rangi kwenye nguo, wala hakuna mashine ya kuhesabu. Kikikugusa, ni wewe mwenyewe unayeinua mkono, ukapaza sauti "Nimepigwa!" na kutoka uwanjani. Ukinyamaza, hakuna atakayejua. Nimeucheza mchezo huu katika nchi nne, na nimeona wanaume wazima wakipigwa mgongoni, wakajikuna kidogo na kuendelea. Yaguchi hutoka hata kwa kigololi kilichogusa kamba ya kiatu. Kwa miaka kumi na moja, timu yetu ya watu sita haikuwahi kumwona akimaliza mchezo akiwa hai.

"Bwana Yaguchi," nahodha wetu alikuwa akimtania, "wewe hata upepo ukikupiga unakufa."

"Upepo mkali tu, nahodha. Huu mdogo navumilia."

Nahodha ni Mama Hasunuma Kikue, mwenye duka la kufulia nguo, umri wake miaka sitini na tatu. Kila Novemba alitupeleka kwenye pambano kubwa la Inzai, watu mia tatu msituni, wekundu dhidi ya njano. Anayeshambulia hushinda akifika kwenye king'ora cha adui na kukibonyeza. Timu yetu haikuwahi kukibonyeza. Mwaka huu Mama Hasunuma alikuwa anahamia Hokkaido kwa binti yake, na goti lake la kulia lilikuwa linasubiri upasuaji. Asubuhi, tulipopanga foleni bunduki zetu zipimwe kasi ya vigololi, alisema jambo moja tu: "Leo mmoja wetu akibonyeze. Yeyote. Nataka kukisikia kikilia kwa ajili yetu kabla sijaondoka."

Hakuna aliyetania.

Mchezo wa mwisho ulianza baada ya wali na mchuzi wa kari. Wekundu, yaani sisi, tulikuwa na dakika arobaini za kushambulia. Zilipobaki tano, wenzetu watatu walikuwa wameshatoka, na Yaguchi, kwa muujiza, alikuwa bado hai. Mimi na nahodha tulikuwa tumelala nyuma ya mianzi, hatua thelathini kutoka kwenye king'ora. Kilikuwa juu ya pipa, chini ya mwaloni mkubwa, na kililindwa na kijana mmoja tu wa njano, Ebina, mwanafunzi wa uuguzi. Bunduki yake ilitazama mianzi yetu. Hakujua kwamba Yaguchi alikuwa anatambaa nyuma yake.

Tulimwona akiinuka. Hatua sita. Hatua nne. Nahodha alinishika mkono mpaka ukaniuma.

Tok!

Kitu kilimgonga Yaguchi kwenye kofia. Papo hapo mkono ukapanda juu.

"Nimepigwa!"

Ebina aliruka kama aliyekanyaga nyoka. Akageuka, akamwona mtu hatua tatu kutoka kwake, mkono juu. Akatafuta ni mwenzake gani aliyefyatua. Hakukuwa na mtu. Akatazama juu, na mbegu nyingine ya mwaloni, ngumu, ya ukubwa wa karanga, ikaanguka ikamgonga begani.

"Mjomba!" akapiga kelele huku akicheka. "Hujapigwa na mtu! Ni mti!"

Yaguchi alikuwa ameshaanza kutoka. Aliyetoka haruhusiwi kuzungumza na walio hai, kwa hiyo alitikisa kichwa tu na kuendelea na safari yake.

"Mjomba, rudi basi! Mimi shahidi! Haki ya Mungu, ni mti!"

Nilipotazama pembeni yangu, nahodha hakuwepo. Alikuwa anakimbia, na goti lake bovu hivyo hivyo, akichechemea kama kuku aliyefungwa mguu. Akampita Ebina ambaye bado alikuwa anabembeleza, akakipiga kitufe kwa kiganja kizima.

King'ora kikalia msitu mzima.

Tulikumbatiana, tukapiga mayowe, kisha nahodha akauliza, "Yaguchi yuko wapi?"

Alikuwa mbele ya mwamuzi, kofia mkononi.

"Anafanya nini kule?"

"Anajishtaki," nikasema.

Tulipofika alikuwa anaeleza polepole. "Sikupigwa, nami nikasema nimepigwa. Kijana akageuka kwa sababu yangu. Ushindi huu una kasoro."

Mwamuzi alijikuna kichwa. Kanuni zilimjua anayepigwa akanyamaza. Hazikumjua asiyepigwa akasema. Mwishowe akamgeukia Ebina. "Wewe ndiye uliyepotoshwa. Tufute au tuache?"

Nahodha angeweza kusema neno. Alishika goti lake, akatazama chini, akangoja.

"Mjomba alitoka zake kimya," Ebina akasema. "Mimi ndiye niliyegeuka, mimi ndiye niliyepiga domo. Mama kanipita mbele ya macho. Acheni." Akainama mbele ya nahodha.

Nahodha naye aliinama, kisha akamgeukia Yaguchi.

"Na kama angesema tufute?"

"Ningekuomba radhi, nahodha."

"Lakini bado ungekuja kwa mwamuzi."

"Ningekuja."

"Ukijua ni siku yangu ya mwisho?"

Yaguchi aliwaza kwa dhati. "Ningekuja nikilia," akasema.

Mama Hasunuma alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. "Basi nibebe, maiti wee. Goti limekwisha."

Akambeba mgongoni hadi kwenye meza tulizolia chakula, mwendo wa dakika kumi uliochukua nusu saa, maana kila aliyetaka kuwapongeza alisimamishwa na kuelezwa na Yaguchi, tangu mwanzo, jinsi ambavyo hakupigwa.