Siku Umeme Ulipokuwa Mzuri

Ibiso haingii nyumba ya mtu akasalimia. Anauliza swichi kuu iko wapi, anaizima, ndipo anasema habari za hapa. Watu wa mtaa wetu wa Borokiri wanasema fundi huyu hana adabu, na wengine hupeleka redio zao mbali kwa sababu hiyo tu. Mimi nachoma bole, ndizi za mkaa na samaki wake, jirani na kibanda chake, mwaka wa tisa sasa, na mtu akimsema mbele yangu namnyima samaki. Zamani alikuwa na heshima kuliko mimi, na heshima hiyo ndiyo iliyotuponza.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Chifu Dagogo alikuwa anamfanyia mama yake sherehe ya kutimiza miaka themanini, nami nilipeleka bole na samaki wa watu arobaini. Mama Orubo mwenyewe alikuwa ghorofani, mapafu yamechoka, anapumua kwa mashine ya oksijeni iliyochomekwa ukutani. Mpango ulikuwa ateremshwe hadi chumba cha sinema awaone wajukuu walioko ng'ambo wakimwimbia. Projekta ikagoma. Chifu alibonyeza rimoti mpaka kidole kikauma, akabadilisha betri, akaipiga kofi. Hata kile kitaa chekundu cha projekta hakikuwaka. Nikasema ninaye fundi, nikampigia Ibiso.

Alifika na mkoba wake, akampigia Chifu goti, akawasalimu wazee mmoja mmoja. Kisha akasimama katikati ya chumba anatazama juu.

"Dada, projekta iko huku," Chifu akasema. "Huko darini unamtafuta nani, malaika?"

Wageni wakacheka.

"Chifu, feni hii siku zote inakimbia hivi?"

"Leo umeme mzuri! Tangu asubuhi. Tazama taa hizo. Mwaka mzima tunapewa umeme wa kibatari, leo wametukumbuka, na wewe unanuna?"

Ni kweli, taa ziliwaka mpaka zikaumiza macho, na feni ilikuwa na mlio ambao sikuwahi kuusikia. Mimi mwenyewe asubuhi nilimshukuru Mungu kwa umeme ule, nikapiga pasi nguo za nyumba nzima. Ibiso alichomeka mita yake ukutani, nikamwona anaisoma mara mbili.

"Volti mia tatu na kumi," akasema. "Inatakiwa mia mbili na kitu. Kuna waya umeachia kwenye nguzo huko nje. Projekta imetangulia tu, Chifu, vingine vinafuata. Washa jenereta, ihamishie mashine ya Mama huko, halafu tuuzime huu wa nguzo."

"Niwashe jenereta na umeme upo?" Chifu akawageukia wageni. "Mnamsikia huyu? Nichome petroli yangu na umeme mtamu namna hii! Si mtanicheka hadi Krismasi?"

"Nakuomba, Chifu. Mashine ya Mama haitastahimili."

"Mashine ya Mama imetoka Ujerumani. Wewe tengeneza ulichoitiwa. Au kula kwanza, labda ni njaa."

Swichi kuu ilikuwa koridoni, hatua sita kutoka pale aliposimama. Aliitazama. Namjua Ibiso, mkono wake ulikuwa unaitaka. Lakini ile ni nyumba ya chifu, wazee wameketi, na fundi hazimi umeme wa mwenye nyumba bila ruhusa. Alipiga magoti akaomba tena. Chifu alishaanza kugawa vinywaji. Nami, Mungu anisamehe, nilimvuta kanga nikamnong'oneza, "Ibiso, usiniaibishe. Mimi ndiye niliyekuleta."

Akainuka, akaufunga mkoba wake.

Muziki ulipandishwa, watu wakala. Ikapita kama robo saa. Balbu ya koridoni ikapasuka, vioo vikamwagika kwenye sinia langu la samaki, na hapo Ibiso aliruka akaishusha swichi kuu kwa nguvu. Muziki ukakatika. Ndipo tukasikia kutoka juu mlio mwembamba wa mashine, ti, ti, ti. Kilianza kulia lini kile kitu, hakuna aliyejua.

Tulipanda ngazi tukikanyagana. Plagi ya mashine ilikuwa nyeusi, imeungua, na nilipoigusa ilikuwa imeshapoa. Mama Orubo alikuwa amelala na nguo yake ya sherehe, marijani shingoni, midomo imebadilika rangi. Chifu alimbeba hadi garini akimwita, mama, mama, kwa sauti ambayo sikudhani mwanamume mzima anayo. Mama hakufika hospitali akiwa hai.

Siku mbili kabla ya mazishi Chifu alileta projekta kibandani. Alitaka picha za mama yake zionekane siku ya kumuaga. Ibiso alifungua skrubu mbele yetu. Ndani kulikuwa safi, hakuna kilichoungua, ila fyuzi moja ndogo kama harage imekatika. Aliibadilisha, akachomeka, na ukuta wa kibanda ukajaa mwanga.

"Ilikuwa na nini?" Chifu akauliza.

"Haikuwa na ugonjwa, Chifu. Fyuzi ilikatika, ikaiokoa."

Chifu aliikumbatia projekta yake kifuani, akasimama. Nilidhani anaondoka.

"Mbona hukuizima tu ile swichi, dada? Ningekutukana. Ningekufukuza. Lakini mbona hukuizima?"

Ibiso alikusanya skrubu zake moja moja, wala hakugeuka kunitazama. Mpaka leo hajawahi kunitaja, wala ile kanga niliyoivuta.