Banda la ndege lililokosa ukuta wa nyuma

Saa moja asubuhi, Sikudhani Amri amekaa kwenye mkeka nje ya studio yake mjini Nachingwea. Amefumba macho, anapapasa ukuta wa bati. Bati lenyewe lilikuwa kopo la soda, na ukuta hauzidi kiganja kwa urefu. Kidole kinapita taratibu, kinasimama, kinarudi, naye anaguna.

"Hapa panakwaruza," anasema bila kufumbua macho. "Yeye atapajua tu."

Anachukua kipande cha msasa, anasugua, anapapasa tena. Mbele yake kuna banda la kuegeshea ndege, refu kama mkono wa mtu mzima, lenye paa la mviringo, milango ya kusukuma na ndege moja ya mbao iliyoegeshwa ndani. Watu wanaokwenda sokoni wanapunguza mwendo. Mmoja anauliza kama leo kuna nafasi ya abiria. Sikudhani anamjibu kwamba tiketi zimekwisha, labda ajaribu kesho.

Kazi yake ni kupiga picha. Anapiga za pasipoti, za mahafali, na za harusi pale wenye harusi wanapokumbuka kwamba picha za simu hazitoshi. Siku nzuri anapata shilingi elfu ishirini. Siku mbaya anafagia studio na kufunga mlango.

"Simu zilitumaliza," anasema, na hasemi kwa uchungu. "Nikajiuliza, ni picha gani ambayo mtu hawezi kujipigia mwenyewe?"

Jibu alilopata ni vitu vidogo. Anajenga mtaa, duka au kituo cha basi kwa makopo, mianzi na katoni, kisha analala kifudifudi mchangani na kukipiga picha kwa karibu, asubuhi jua likiwa chini, mpaka kionekane kikubwa kama cha kweli. Wenye maduka wananunua kwa ajili ya kalenda. Wapo wanaobishana naye wakitaka awaonyeshe duka hilo liko mtaa gani.

Bati la migongo analipata kwa kupanga spoki za baiskeli sambamba, kulaza kopo lililokatwa juu yake na kulikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Kutu ni chai ya rangi iliyokorogwa na udongo mwekundu. Vumbi la sakafuni analichekecha kwa kitambaa, kwa sababu punje moja ya mchanga ikibaki, kwenye picha inakuwa jiwe la kukalia.

Na ana kanuni moja ambayo hajawahi kuivunja: kisichoonekana hakijengwi. Mbele panang'aa, nyuma ni katoni ya sabuni.

"Kamera haina habari na nyuma," anasema. "Nijisumbue kwa ajili ya nani?"

Kanuni hiyo ilimfaa miaka yote, hadi alipokuja Edina.

Edina ni mkulima wa ufuta na korosho kutoka Nkowe, wilayani Ruangwa, anakoishi na baba yake, Mzee Alfred, mwenye umri wa miaka themanini na mbili. Ujanani mzee huyo alikuwa msaidizi wa mafundi wa ndege hapa Nachingwea, katika banda ambalo lilibomolewa zamani na halikuacha hata picha moja. Sasa presha ya macho inamnyang'anya mwanga.

"Baba alikuwa msemaji, mpaka unamwomba apumzike," Edina anasema. "Mwaka huu amenyamaza. Hata kugombana hagombani. Ukitaja ndege tu, ndipo anaamka. Nikasema nimtafutie picha ya lile banda, alione kabla macho hayajafunga kabisa."

Picha haikuwepo, basi Sikudhani akaamua kulijenga banda. Mzee alimweleza kwa simu: paa la mviringo, milango inayosukumwa na watu wawili, sakafu ya saruji. Sikudhani alipomaliza kulijenga, akapiga picha, akaisafisha, akaitia kwenye fremu na kuipeleka Nkowe mwenyewe.

Mzee Alfred aliipokea kwa mikono miwili. Akageukia mlangoni kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ndipo penyewe," akasema. "Pazuri. Asante sana, mwanangu."

Fremu aliishika juu chini.

"Edina aliniangalia, na mimi nikamwangalia," Sikudhani anasimulia. "Mzee wa watu alikuwa anatustahi sisi. Niliumia. Niliona nimechelewa, na kazi yangu yote haina maana."

Wiki iliyofuata akaamua kwamba ikiwa macho yamekataa, mikono ipo. Akalifunga banda lenyewe kwa kitenge na mipira ya tairi, akapanda gari hadi Ruangwa mjini, kisha bodaboda. Dereva, kijana anayeitwa Linus, aliutazama mzigo na kuuliza, "Dada, huu mjengo unaenda kupangisha nani?"

Walimwekea mzee banda mapajani. Vidole vyake vilianza mlangoni, na hapo hapo vikakwama.

"Hiki nini?"

"Kizingiti, babu."

Mzee akatabasamu. "Basi hili ni ghala la korosho. Ndege itaruka kizingiti?"

Sikudhani anacheka anapokumbuka. Maishani mwake, jengo kubwa la bati alilowahi kuingia ni ghala la korosho tu, na ghala lolote huku lina kizingiti cha kuzuia maji ya mvua yasifikie magunia. Alikiweka bila hata kufikiri. Kwenye picha kilifichwa na kivuli.

Lakini mikono ya mzee haikuishia hapo. Ilipanda paa, ikashuka upande wa pili, ikazunguka nyuma, na ikaingia kwenye uwazi. Ikagusa katoni. Ikatoka.

"Nyuma pameanguka?"

"Hapakujengwa, babu. Kamera haikuwa inapaona."

Mzee akarudisha mkono mlangoni. "Huku mbele walikuwa wanasimama marubani na wageni," akasema. "Mimi nilikuwa nafanya kazi huko nyuma."

Kisha akaomba kupelekwa ndani akalale, ingawa ilikuwa bado mchana.

"Nimemjengea mtu kila mahali isipokuwa mahali pake," anasema Sikudhani.

Tangu siku hiyo, kila akipata nafasi, anampigia mzee simu na kuuliza. Meza ya kazi ilikuwa upande gani? Dirisha lilikuwa na kioo? Mzee anajibu, anajisahihisha, anabisha, anaelekeza upya. Edina anasema siku hizi baba yake anaulizia simu iko wapi kabla hajaulizia chai.

Ndiyo maana asubuhi hii Sikudhani anafanya kazi akiwa amefumba macho. Kizingiti amekikata kwa msumeno. Ukuta wa nyuma umesimama, una dirisha lisilo na kioo, pipa la oili, meza ndefu ya mafundi na msumari wa kutundikia shati. Rangi hakupaka. Anasema rangi ingekuwa ya kujifurahisha yeye.

Mchana tunafika Nkowe. Mzee Alfred ameketi barazani, amevaa shati safi lililofungwa vifungo hadi shingoni. Banda linawekwa mapajani pake, na mikono inapita mlangoni bila kukwama.

"Haya, sasa ndege inapita," anasema.

Anazunguka nyuma. Anakuta ukuta, anaufuata hadi dirishani. Anaingiza vidole, anakuta pipa. Anakuta meza, na hapo mkono unatulia. Edina anaweka chini sufuria aliyokuwa ameishika.

"Edina, njoo. Lete mkono."

Anaushika mkono wa binti yake na kuuingiza dirishani, kidole juu ya kidole, mpaka kwenye ukingo wa meza.

"Hapa. Dirisha mkono wa kushoto, meza mbele yangu. Nilikuwa nasimama hapa."

Edina anaishi na simulizi hiyo tangu utotoni. Analia, na haondoi mkono.

Sikudhani amekaa kwenye ngazi ya baraza, kamera ikiwa ndani ya mkoba. Namuuliza mbona hapigi picha. Anasema hili banda sasa si la kupigwa picha, na hatalirudisha Nachingwea, ingawa lilikuwa limeshapata mteja wa kalenda. Atajenga jingine, na safari hii ataanza na nyuma.

Kabla hatujaaga, mzee anainua uso.

"Nje ya ukuta huu palikuwa na bomba la kunawia mikono," anasema. "Tulikuwa tunakaa pale kula. Sikulikuta."

"Nitalileta, babu."

"Na benchi lake. Tulikuwa watatu, wenzangu wawili wameshatangulia. Lifanye la watu watatu."