Makala Mbili za Kasmiri

Mtafiti ambaye wenzake hawamnukuu popote amefanya kazi, au amekula mshahara wa bure?

Swali hilo lilimkaba Kasmiri mwaka 1997, alipoomba kupandishwa cheo katika kituo kimoja cha utafiti wa malaria huko Ifakara. Kwa miaka mingi alikuwa akiendesha baiskeli hadi Namawala kuwafundisha wakulima wa mpunga kuchovya vyandarua kwenye dawa ya mbu. Kuandika alikuahirisha kila msimu, maana mbu hawakumsubiri amalize sentensi.

"Mzee Kasmiri, makala mbili tu?" aliuliza Dativa, katibu wa kamati. "Na waliozinukuu?"

"Yupo mmoja."

"Nani?"

"Mimi mwenyewe. Ile ya pili imeinukuu ya kwanza."

Kamati nzima iliangua kicheko, naye akacheka nao. Cheo hakupewa.

Kesho yake asubuhi alikwenda Namawala kama kawaida. Nje ya nyumba moja alimkuta mama akivutana chandarua na mumewe, aliyetaka kwenda kuvulia perege.

"Kiache! Kina dawa hiki. Ukikipeleka mtoni, dawa inaoshwa na mtoto analala na homa!"

Maneno hayo ya mama ndiyo Kasmiri aliyokuwa akiyasema kwenye kila mkutano wa kijiji.

"Nani kakudanganya?" mume aliuliza.

"Shangazi yangu wa Mang'ula. Unamzidi akili wewe?"

Mume akaachia. Mama akaingia ndani, akakifunga chandarua juu ya kitanda.