Habari za Mkono Nzuri Tu

Miombo inapochanua, mimi hupiga chafya. Nina kibanda cha kunyolea Isevya, na kinyozi anayepiga chafya akiwa ameshika wembe hahitaji adui wa kumfilisi. Msimu ule wateja walihamia ng'ambo ya barabara, wakinipungia mkono kwa heshima zote.

Niliposikia kituo fulani cha utafiti kinatafuta watu wa kujaribiwa sindano mpya ya mzio wa chavua, nikawa wa kwanza mlangoni. Daktari akanieleza kwamba kwa sasa hawaangalii kama dawa inaponya, wanaangalia kama ni salama. Ningechomwa mara tatu, na kila siku nesi angenipigia simu kuuliza hali. Nikatia saini, nikaipigia chafya karatasi.

Siku ya sindano ya pili mkono ulivimba kama andazi, na mwili mzima ukawa unawasha. Nesi akapiga.

"Shikamoo baba. Habari za tangu asubuhi?"

"Marahaba. Nzuri tu, mwanangu."

"Na mkono?"

"Salama, alhamdulillahi."

"Kuna tatizo lolote?"

"Hakuna kabisa. Labda nyie huko?"

Nilisema hayo huku najikuna kwa kitana. Ningefanyaje? Mtoto wa watu kaniuliza habari kwa adabu, nimjibu kwa vipele?

Shangazi yangu, ninayeishi naye, akaninyang'anya simu. "Binti, huyu anakudanganya! Amevimba, anajikuna kama mbuzi mwenye ukurutu!"

Wakaja kunichukua, wakanipa dawa ya kutuliza, wakaniweka chini ya uangalizi mpaka nikapata nafuu. Daktari hakucheka.

"Mzee, hayo madhara ndiyo tunayoyatafuta. Ukiyaficha, kesho atachomwa mtu asiye na shangazi."

Nikainamisha kichwa. Sindano ya tatu nikanyimwa. Walipopekua daftari la majibu ya simu wakakuta washiriki wote, wa mjini hadi wa Itetemia, wameandikwa wazima. Walipoulizwa upya, mmoja alikiri kwamba alijibu "salama" akiwa ameinamia ndoo anatapika. Nesi akaagizwa aache salamu, aende moja kwa moja kwenye maswali.

Wiki iliyofuata nilikwenda kupimwa mkono, nikamkuta akimhoji bibi mmoja.

"Ngozi inawasha?"

Bibi akamtazama kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Marahaba," akasema, akafunga mdomo.