Mwaka Kiboko Alipopanda Nyangores

Hebu piga picha ya kidimbwi pembeni mwa Mto Nyangores, chini ya Merigi, maji yake yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya mvua. Wanawake wamesimama ukingoni na madebe yao, lakini hakuna anayechota. Katikati ya maji kuna masikio mawili madogo na pua pana inayopumua kwa kishindo. Nilipokuwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya sitini, nilisimama hapo nimeshika sketi ya nyanya yangu, ambaye sisi Wakipsigis tunamwita kogo.

Kiboko tulikuwa tukimsikia tu kwa watu wa kule chini, mtoni Mara. Kwetu kwenye baridi hakuwa amefika. Kogo alisema mnyama huyo ametumwa na Ilat, mwenye mvua na radi, ambaye hukaa kwenye vidimbwi vyenye kina. Sababu pia aliijua. Jirani yetu Mama Ayub, aliyehamia na mumewe kutoka mbali, kwa Wamaragoli, alikuwa ameosha sufuria yenye masizi ndani ya kidimbwi, jambo ambalo Kogo alikuwa amemkataza.

"Kuanzia leo utachota kwenye kijito cha ng'ambo ya kilima," Kogo alimwambia mbele ya wote.

Mama Ayub alikuwa mtu wa mzaha hata akikasirika. "Kwa hiyo sufuria yangu imemwita kiboko," akasema. "Na ng'ombe zenu zikikojoa hapa, Kogo, huwa zinamwita nani?"

Mama mmoja akaanza kucheka, akamwona Kogo, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Hakuna aliyemtetea jirani yetu. Alikuwa na mimba kubwa, na njia ya kile kijito ilikuwa utelezi mtupu. Haukupita muda akaanguka na debe lake. Mtoto tumboni alisalimika, lakini mkono wa mama ulivunjika, na chai yao ikakomaa shambani bila kuchumwa. Kiboko naye bado alikuwa pale pale.

Kisha mvua ikakatika. Mto ulipopungua, asubuhi moja tulikuta nyayo za kiboko kwenye matope, zimeelekea chini. Watu wakaja kumpongeza Kogo. Walisema marufuku yake imefanya kazi, basi iendelee. Kogo aliinama matopeni. Alizitazama zile nyayo muda mrefu. Jioni nilimsikia akimweleza baba kwa sauti ndogo kwamba mto ulipofurika, kule chini mkondo ulikuwa mkali na nyasi zimefunikwa, ndiyo maana mnyama akapanda kutafuta maji yaliyotulia na malisho. Sasa maji yameshuka, amerudi kwao. Hakuna aliyemtuma.

Kesho yake alibeba sufuria yake ya ugali, nyeusi kama usiku, akaiosha kidimbwini mbele ya wanawake wote mpaka masizi yakaelea. Kisha akapanda hadi kwa Mama Ayub, mimi nyuma yake.

"Rudi uchote pale," alisema. "Nilikukosea."

"Nimeshazoea kule, Kogo," Mama Ayub alijibu taratibu, akatukaribisha chai.

Hakurudi. Mkono ulipopona tulimwona kila asubuhi akipita njia ya juu ya kidimbwi, debe kichwani, mtoto mgongoni. Alitusalimu vizuri kabisa. Kogo aliitikia akitazama chini, nami nikatazama chini pamoja naye.

Nimefundisha watoto miaka mingi. Kila nikifika kwenye somo la nyangumi, jinsi wanavyosafiri mbali baharini kwa sababu maji yamebadilika joto au chakula kimehama, uso wangu huwaka. Watoto wanalielewa mara moja. Hakuna hata mmoja anayeuliza nani aliwakosea nyangumi. Sisi tulimwona mnyama akifanya jambo hilo hilo mbele ya macho yetu, tukamtafuta mkosaji.

Ukisahau mengine yote, nakuomba ukumbuke hili moja: kati ya wanawake wote waliosimama pale, tulimchagua yule ambaye hakuwa na ndugu.